Mjadala: Edgar Savisaar wa Estonia ahukumiwe kwa lipi, kwa 1990 au kwa mabasi na bahasha?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Edgar Savisaar alifariki tarehe 29 Desemba 2022 akiwa na miaka 72, na hadi leo ukimtaja mbele ya Waestonia wawili unaweza kuondoka na watu watatu tofauti. Alizaliwa gerezani Harku mwaka 1950, mama yake akiwa mfungwa wa enzi za Stalin. Aprili 1988, katika kipindi cha televisheni, alitoa wazo la kuanzisha vuguvugu la umma, na likazaliwa Rahvarinne, lililowatoa watu mitaani wakati Usovieti ungali na meno. Miaka miwili baadaye alikuwa mkuu wa serikali.

Tarehe 15 Mei 1990 ndiyo siku ambayo hata maadui zake humwachia. Wafuasi wa Interrinne, waliotaka Estonia ibaki chini ya Moscow, walivamia ua wa ngome ya Toompea, makao ya serikali. Savisaar akaingia redioni: Toompea inashambuliwa, narudia, Toompea inashambuliwa. Wakazi wa Tallinn walifurika kwa maelfu na kuwazingira wavamizi. Halafu wakawafungulia njia katikati yao, wakapita humo na kwenda zao. Hakuna aliyeuawa. Mimi nchi zilizojaribu jambo kama hilo na kumaliza siku bila maiti nazihesabu kwa vidole.

Uhuru ulirejeshwa tarehe 20 Agosti 1991. Januari 1992, chakula na mafuta vikiwa haba, akajiuzulu. Mwaka 1995 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, zikaibuka kanda za mazungumzo ya wanasiasa yaliyorekodiwa kwa siri, na serikali nzima ikaanguka. Akasema anaacha siasa. Mwaka uliofuata alikuwa amerudi kwenye kiti cha Keskerakond, chama alichokiasisi.

Kisha umeya wa Tallinn, 2001 hadi 2004 na tena kuanzia 2007. Mwaka 2010 idara ya usalama ilisema ameomba fedha Urusi kwa ajili ya chama. Akakana. Machi 2015 alikatwa mguu kutokana na maambukizi, na mwezi huohuo wapiga kura walimpa kura 25,057, rekodi ya uchaguzi wa bunge hadi wakati huo. Septemba akakamatwa kwa tuhuma za hongo na mahakama ikamsimamisha umeya. Kesi ilianza 2017, na mwaka 2018 ikafutwa kwake kwa sababu ya afya. Hakuna hukumu iliyotoka.

Msimamo wangu: tuhuma za hongo tuziweke kando, maana mahakama haikumtia hatiani na sisi hatuna mamlaka ya kumalizia kazi yake. Kosa lake ni kung'ang'ania. Vyama vingine vikubwa havikutaka kukaa naye meza moja, yeye akakataa kupisha, na waliolipa gharama ni wale waliompenda zaidi, yaani Warusi wa Lasnamäe, mtaa wa Tallinn, na wastaafu. Kuanzia 2007 hadi 2016 chama chao kilikaa nje ya serikali kuu.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hiyo ya kuweka tuhuma kando imenishinda. Chama chenyewe kilikubaliana na waendesha mashtaka mwaka 2017 na kikatozwa faini. Chama hakina mikono. Kesi iliyofutwa kwa ugonjwa si sawa na kushinda kesi, na mzee mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi.

Mchangiaji wa pili

Mmemkalia kooni kwa hongo mmesahau mabasi! Machi 2012 aliwauliza wakazi kwa kura ya maoni, robo tatu ya waliopiga wakakubali, na tangu tarehe 1 Januari 2013 mkazi wa Tallinn anapanda basi na tramu bure. Mji mkuu wa nchi ya Umoja wa Ulaya. Wastaafu wa Lasnamäe hawakuhitaji kusubiri serikali kuu.

Mleta mada

Nakujibu wewe wa mabasi kwanza, kwa sababu hapo ndipo ujanja wa Savisaar ulipo na wengi hawauoni. Bure ile haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya aliyejiandikisha kuwa mkazi wa Tallinn, na Estonia sehemu ya kodi ya mapato humfuata mtu kule alikojiandikisha. Watu kwa maelfu waliokuwa wakiishi mjini huku majina yao yako vijijini wakahamisha majina. Jiji likaongeza kodi, vijiji vikapoteza. Kuhusu usafiri wenyewe, watafiti wa chuo kikuu cha KTH cha Stockholm walipima miezi ya mwanzo wakakuta abiria walioongezeka kwa sababu ya nauli kufutwa ni asilimia 1.2 tu. Magari hayakuisha barabarani. Kama hesabu ya fedha na kura, ni kazi ya fundi, namvulia kofia. Kama sera ya usafiri, sina uhakika.

Wewe wa faini, nakubali chama kilikiri. Lakini chama ni mtu mwingine mbele ya sheria.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, unamlaumu aliyetengwa badala ya waliomtenga. Walikuwa hawamtaki kwa sababu kura zake ni za wanaozungumza Kirusi, na ule mkataba wa 2004 kati ya Keskerakond na chama cha Putin ukawa kisingizio. Asingekuwepo Savisaar wangetafuta jingine.

Mleta mada

Hoja nzito, ila ina tatizo la tarehe. Jüri Ratas alichaguliwa kuongoza Keskerakond mwanzoni mwa Novemba 2016. Kabla mwezi haujaisha alikuwa Waziri Mkuu. Wapiga kura walikuwa walewale, na mkataba na chama cha Putin ulikuwa bado haujafutwa. Ulifutwa 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Kilichobadilika ni mwenyekiti. Anayeshikilia kwamba shida ilikuwa lugha ya wapiga kura aanze kwa kunieleza Novemba ile.