Potasiamu na maji ya sindano rafu moja: nimwambie nini mkuu wa wodi?

NesiWaUsiku
Wenzangu, habari za kazi. Wodini kwetu potasiamu kloraidi iliyokolea inakaa rafu moja na maji ya sindano. Vichupa vyote ni vya plastiki, ukubwa uleule, tofauti ni maandishi tu. Juzi mwenzangu alishaivuta potasiamu kwenye sirinji achanganyie antibiotiki, akarudia kusoma lebo, akaimwaga. Mgonjwa hakuguswa. Nilipotaka tuandike taarifa nikaambiwa, "Achana nayo, hakuna aliyedhurika." Roho yangu imekataa. Nimwendee mkuu wa wodi na hoja gani?

Mfamasia_Mkongwe
Dada, potasiamu hiyo ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa, moyo unaweza kusimama papo hapo. Usikubali jibu la "tuwe makini". Saa tisa usiku, wodi imejaa na kengele zinalia, hata muuguzi hodari jicho humdanganya. Iondoke wodini kabisa, ikae famasi, na ninyi mletewe dripu iliyokwisha kuchanganywa. Kwa wagonjwa mahututi, ambako huenda ikahitajika karibu, ifungiwe peke yake na ihakikiwe na watu wawili, kila mmoja asome lebo kwa macho yake. Nimeona sana wa pili akitia sahihi bila hata kuangalia.

Mkiwa hapo, pitieni na chati za dawa. "5.0 mg" nukta ikififia inakuwa 50. Andikeni 5 tu. Ila nusu iandikwe 0.5, msiache ile sifuri ya mbele.

Mama_Theatre
Mpe na mfano wa upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19 mwaka 2008. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kabla ya kisu, timu inasimama na kutaja kwa sauti: mgonjwa nani, tunapasua nini, upande upi. Hapo hata nesi mgeni anapata nafasi ya kusema "hapana, ni kushoto".

NesiWaUsiku
Asanteni sana. Kwenye taarifa nimtaje mwenzangu? Anaogopa barua ya onyo.

Mfamasia_Mkongwe
Usimtaje. Andika saa, rafu, lebo zinavyofanana, wauguzi wangapi walikuwa zamu kwa wagonjwa wangapi. Akiwa radhi, iandikeni pamoja, kwani ni yeye anayejua nini kilimfanya asome lebo mara ya pili.