Mvuke unageukaje maji wakati hewa haijashiba?

alizeti_kongwa: Habari wakuu. Niko huku Kibaigwa, mbegu zangu za alizeti nazitunza kwenye ndoo za mfuniko, ndani natupia vile vipakti vya silika jeli (vya kunyonya unyevu) yenye punje za bluu. Juzi nafungua punje zote pinki, yaani zimeshanyonya maji, na kakipimo ka unyevu humo ndani kanasoma asilimia 50 tu. Si tulifundishwa mvuke haugeuki maji mpaka hewa ifike 100 au kuwe na baridi? Sasa hapo imekuwaje, naomba kueleweshwa bila matusi 😂

dom_fizikia: Mkuu hiyo 100 ni kwa maji yaliyotulia flati, ya beseni. Kitundu chembamba chenye kuta zinazopenda maji, uso wa maji unabonyea kwa ndani, na molekuli kuchomoka hapo ni shughuli, kwa hiyo hata mvuke mchache unatosha kuyabakiza maji. Mwanafizikia Lord Kelvin aliliandika hilo 1871. Kwa maji ya nyuzi 25, kitundu chenye radiasi ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kinataka unyevu wa 99, hapo hamna kitu. Nanomita 10 kinataka 90. Ukishuka mpaka 2 inakuwa 59, na 1 ni kama 35! Vitundu vya silika jeli vingi vina kipenyo cha nanomita 2 hadi 3, yaani radiasi 1 hadi 1.5, kwa hiyo 50 yako inavijaza freshi kabisa.

Mgogo_Original: Ongezea kwamba kuta zikiwa na mafuta uso unatuna badala ya kubonyea na hiyo habari inageuka, unyevu unatakiwa uzidi 100. Halafu nanomita 1 ni molekuli chache tu zimepangana, mtu angetegemea hesabu ya Kelvin igome, ila 2020 timu ya mwanafizikia Andre Geim kule Manchester walijaribu kwenye mifereji ya maika na grafaiti (aina za madini) myembamba kuliko hapo na bado ikakubali, wenyewe walishangaa.

alizeti_kongwa: Asanteni. Kwa hiyo nikianika juani zinarudi bluu?

dom_fizikia: Jua la Oktoba litapunguza, halimalizi. Maji kutoka ni kugumu kuliko kuingia, unyevu lazima ushuke chini ya pale yalipoingilia, na kila gramu inadai si chini ya kilojuli 2.4 ili iwe mvuke tena. Oveni nyuzi kama 120, saa kadhaa.

alizeti_kongwa: Oveni natoa wapi mkuu, nina jiko la mkaa.

Mgogo_Original: Sufuria ya zamani, moto mdogo, fanyia nje. Hiyo bluu kwa kawaida ni kobalti kloraidi, ni sumu, sufuria hiyo isirudi jikoni na punje zisigusane na mbegu.