Nina kadi ya grafiki ya GTX 1070 moja, nimepata ya pili kwa laki tatu na nusu. Nifunge zote mbili?

Kijana wa Nyakato

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi, maana kuna jamaa ananisubiri.

Nina kompyuta ya mezani niliyoijenga kidogo kidogo tangu nimalize chuo. Prosesa ni i7-7700, madabodi ni ya Z270, RAM GB 16, pawa saplai wati 550, na kadi ya grafiki ni GTX 1070 ya GB 8. Nimemaliza nayo The Witcher 3 yote, na GTA V nacheza mpaka leo. Nilikuwa natumia kioo cha 1080p na sikuwa na shida. Mwezi uliopita shemeji yangu karudi kutoka Muscat, kaniletea kioo cha inchi 27, 1440p, yaani chenye nukta nyingi zaidi za kuchora, Hz 165. Nilifurahi kama mtoto. Sasa nikiwasha Cyberpunk 2077 napata fremu 30 kwa sekunde, na nikigeuka ghafla barabarani zinashuka hadi 24. Kioo kizuri, picha inaburuzika.

Huyo jamaa hapa Mwanza anauza GTX 1070 kama yangu kwa 350,000. Anasema nikiziunganisha mbili kwa SLI (njia ya Nvidia, watengenezaji wa kadi hizi, ya kutumia kadi mbili kwenye gemu moja) nitapata nguvu mara mbili na memori GB 16, na daraja la kuunganishia ananipa bure. Boksi la bodi yangu kweli limeandikwa SLI.

Hiyo 350,000 ndiyo yote niliyonayo. Nacheza kama saa nne kila usiku nikishafunga duka (nina duka la kuchapa na fotokopi). Nimepanga, lakini LUKU ni yangu mwenyewe. Je, inalipa?

Kaka Draiva

Usinunue. SLI imeshakufa. Tafuta kadi moja yenye nguvu.

Kijana wa Nyakato

Nashukuru mkuu, ila imekufaje? Bodi inaikubali, kadi ina meno ya kuchomekea daraja, na draiva (programu inayoendesha kadi) nimeangalia, sehemu ya SLI ipo.

Fundi wa Tabata

Mdogo wangu, acha nikujibu kwa kirefu, kwa sababu hili nimelilipia kwa hela yangu.

Mwaka 2016 nilikuwa na GTX 970 mbili ndani ya kasha moja. Ya kwanza niliinunua mpya, ya pili niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Usiku niliochomeka daraja nikawasha GTA V, fremu zikaruka kutoka 62 hadi 108. Nilimwamsha mke wangu aje aone. Kwa hiyo huyo jamaa anayekuuzia hakudanganyi moja kwa moja. Kuna gemu ambazo kadi mbili zilifanya kazi, na zilifanya vizuri. GTA V ni mojawapo, The Witcher 3 nyingine.

Wiki iliyofuata nikaweka gemu nyingine, nikafungua kipimo pembeni. Kadi ya juu asilimia 98, kadi ya chini asilimia 0. Feni zake zinazunguka, taa inawaka, kazi haifanyi. Nilidhani imeharibika. Nikabadilisha daraja, nikafuta draiva nikaweka upya, usiku mzima. Kumbe haikuwa mbovu. Hakuna aliyeipa kazi.

Hapa ndipo penye siri yote. SLI haiziunganishi kadi mbili zikawa moja. Zinapokezana. Kadi ya kwanza inachora fremu ya 1, ya pili inachora fremu ya 2, ya kwanza inarudi kwenye ya 3. Chukulia wapishi wawili wa chapati, kila mmoja na kikaango chake, wanamhudumia mlaji mmoja. Kwa saa moja watatoa chapati nyingi kuliko mpishi mmoja, hilo ni kweli. Lakini wasipopishana sawasawa, chapati mbili zinatua kwa pamoja, halafu mlaji anakaa anasubiri, halafu mbili tena. Ukihesabu ni nyingi, ila mlaji anaona kakaa muda mrefu bila kitu. Kwenye kioo ndivyo ilivyokuwa kwangu: namba inasema 70, jicho linasema 40. Nilikuwa nazima kadi moja kwa makusudi, nacheza kwa fremu 50 zilizotulia, na nikaona raha zaidi.

Kuna jambo la pili, ndilo lililoua kabisa. Gemu za siku hizi huchora fremu mpya kwa kutazama fremu iliyopita. Namna ya kulainisha kingo za vitu, mwanga, vivuli, vingi vinachukua habari kutoka fremu ya nyuma. Sasa kama fremu ya nyuma iko kwenye kadi nyingine, lazima ivushwe kwanza. Mpishi wa pili hawezi kuanza yake mpaka ashike ya mwenzake. Faida ya kupokezana inaishia hapo.

Zamani haikuwa hivi. Jina SLI lilianza na kampuni ya 3dfx mwaka 1998, kwenye kadi zao za Voodoo2. Zile ziligawana picha moja mstari kwa mstari, hii mistari ya shufwa, hii ya witiri, na ukiwa nazo mbili ulitoka kwenye picha ya 800 kwa 600 ukafika 1024 kwa 768. Nvidia walichukua mali za 3dfx, wakalirudisha jina mwaka 2004 kwa mtindo mwingine. Na kwa mtindo huo mpya, kila gemu ilihitaji maelekezo yake ndani ya draiva: hii igawanye hivi, hii vile. Watu wa Nvidia ndio walioyaandika. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 waliacha kuongeza maelekezo mapya kwa kadi za kizazi cha RTX 20 na zote za nyuma yake, pamoja na hiyo 1070. Tangu hapo gemu isiyo na maelekezo ya zamani itatumia kadi mbili ikiwa tu waliotengeneza gemu wameiweka kazi hiyo wenyewe. Shadow of the Tomb Raider ina hilo, Red Dead Redemption 2 ukiiwasha kwa Vulkan (njia mojawapo ya gemu kuongea na kadi), Strange Brigade, Sniper Elite 4, na nyingine chache. Cyberpunk 2077 haimo. Gemu yenyewe inayokusumbua haimo!

Angalia hata kadi zenyewe. GTX 1060 ya mwaka 2016 ilitoka bila meno ya daraja. Kwenye RTX 30 ni 3090 na 3090 Ti tu zilizobaki nayo, kwenye RTX 40 hakuna hata moja. AMD, washindani wa Nvidia, nao, RX 5700 XT ya 2019 ilikuja bila CrossFire, yaani SLI ya kwao. Na ongeza hili: kadi za kizazi cha 1070, draiva zake za kawaida za gemu ziliishia Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama. Moja unayo tayari, itumie hadi ichoke, haina ubaya. Lakini kutoa hela leo kununua ya pili ya kizazi hicho, hapana.

Kuhusu GB 16, hilo futa kabisa kichwani. Kila kadi lazima ibebe nakala yake ya vitu vyote vilivyomo kwenye picha. 8 na 8 hapa ni 8. Mimi zangu zilikuwa 4 na 4, na gemu ilipotaka 5 zote mbili zilikwama pamoja.

Joto sasa. Zangu zilikaa moja juu ya nyingine, nafasi kati yao kama unene wa kidole. Ya chini nyuzi 69, ya juu 84, kwa sababu ya juu inavuta hewa iliyokwisha pikwa na ya chini. Mwezi wa tatu Dar nilikuwa natoa ubavu wa kasha na kuelekeza feni la mezani humo ndani. Vumbi lake nisikuambie.

Umeme. GTX 1070 moja imepimwa wati 150, mbili ni 300. Saa nne kila usiku, siku 30, hizo ni yuniti 36 kwa kadi peke yake, bila prosesa wala kioo. Kama LUKU yako ipo kwenye kundi la matumizi madogo, lile la yuniti 75 kwa mwezi, kadi tu zimekula karibu nusu ya kiwango chako. Weka friji na pasi, umevuka, na ukishavuka, kila yuniti ya ziada ni zaidi ya shilingi 350. Fikiria hilo kabla ya Jumamosi.

Halafu sogea nyuma ya kasha, tazama nyaya za pawa saplai yako. Zipo ngapi za pini 8 za kadi? Jibu hilo kwanza.

Ushauri wangu. Leo usiku, kabla hujatoa shilingi, ingia kwenye mipangilio ya Cyberpunk, washa FSR (gemu inachorwa kwa picha ndogo kisha inakuzwa kujaza kioo), weka kiwango cha Quality, na punguza vivuli na ukungu hatua moja. Hiyo ni bure. Baadaye uza hiyo 1070 yako. Ukipata hata laki tatu, ongeza 350 yako, una laki sita na nusu. Hapa Kariakoo wiki hii nimeona RTX 3060 za GB 12 zilizotumika kwa 620 hadi 700, kutegemea hali. Hiyo ni wati 170 peke yake, na wati 550 ndizo Nvidia wenyewe wanazopendekeza kwa kadi hiyo, kwa hiyo pawa saplai yako inabaki. Nguvu ghafi inaizidi yako kama kwa theluthi moja, na juu yake unapata DLSS, ambayo kwenye 1440p kwa Quality inachora picha ya 1707 kwa 960 kisha inaikuza vizuri kuliko FSR. Itafanya hivyo kwenye gemu nyingi, pamoja na hiyo unayoitaka.

Ukishawishiwa RTX 4060 au RX 6600, ni kadi nzuri, ila zinatumia njia nane tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na bodi), na bodi yako ni ya PCIe 3, kwa hiyo memori ikijaa utaumia kidogo zaidi ya mwenye bodi mpya. 3060 inatumia zote kumi na sita. Kwa bodi yako ningechukua hiyo.

Mchoraji wa Njiro

Fundi kasema vema kuhusu gemu, lakini msikimbilie kusema kadi mbili hazina maana popote. Mimi nachora nyumba na loji kwa Blender, programu ya picha za 3D, hapa Arusha, nina RTX 3060 mbili, na sijawahi kununua daraja. Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, inazigawia kazi yenyewe, kila kadi inachukua sehemu yake ya picha, hakuna kusubiriana. Picha ya chumba iliyonichukua dakika 11 kwa kadi moja, sasa ni kama dakika 6. Kwa mwezi hizo ni siku kadhaa za kazi, na mteja anapata marekebisho siku hiyo hiyo.

Memori hata kwangu haijumlishwi. Mandhari yangu lazima iingie kwenye GB 12 za kila kadi. Nilijaza majani halisi kwenye bustani ya loji moja, ikakataa, nikapunguza majani.

Kwa hiyo kama una kazi ya kuchora, ya pili inajilipa. Kwa gemu za usiku, sikiliza Fundi.

Dogo Sinza

Mbona siku hizi watu wanaweka kadi ya pili ndogo kwa ajili ya programu ya Lossless Scaling? Kubwa inachora gemu, ndogo inatengeneza fremu za katikati. Hiyo si kadi mbili?

Fundi wa Tabata

Ni kweli, na inafanya kazi, kwa sababu pale hakuna kupokezana, kila kadi ina kazi yake. Lakini hizo fremu za katikati zinabuniwa kutoka zile halisi. Ukiwa na 70 halisi ukazifanya 140, utapendezwa. Yeye ana 30. Akizifanya 60 jicho litaona laini, lakini kipanya kitaendelea kuwa kizito, hata kuzidi kidogo. Kwanza apate fremu halisi.

Kijana wa Nyakato

Wakuu, nimerudi. Jana usiku niliwasha FSR kama Fundi alivyosema, nikashusha vivuli na ukungu. Nimepata 43, nikigeuka barabarani inashuka hadi 37. Maandishi ya mbali yana ukungu kidogo, ila inachezeka. Sikuamini.

Jumamosi nilienda kwa jamaa, nikamwambia ukweli kwamba sitachukua. Hakukasirika. Alisema mwenyewe hajawahi kuzifunga mbili, aliambiwa tu na aliyemuuzia. Mimi yangu nimeitangaza kwa 320 na kuna mwanafunzi anakuja kuiona kesho.

Nyaya nimeangalia. Kuna uzi mmoja tu wa kadi, una vichwa viwili vya pini 6+2, yaani 8. Je, 3060 itatosheka? Na nikiagiza kutoka Kariakoo nitajuaje sijapewa kitu kingine?

Fundi wa Tabata

Kwa 3060 nyingi kichwa kimoja cha pini 8 kinatosha, zipo chache za viwili, tazama picha ya kadi kabla ya kulipa. Zile 1070 mbili ungezitundika zote kwenye uzi huo mmoja, kadi za wati 300 kwa jumla, sipendi hata kuwaza.

Kuhusu kuhakiki: mwambie muuzaji akupigie video kadi ikiwa ndani ya kompyuta, GPU-Z (programu inayosoma taarifa za kadi) imefunguliwa. Isomeke memori 12288 MB, upana wa basi (njia ya memori) biti 192, na viini 3584. Ikiwa basi ni 128 na memori GB 8, hiyo ni ile 3060 nyingine iliyopunguzwa, bei yake isiwe hiyo. Kadi iliyobandikwa jina la uongo, GPU-Z huiandika FAKE mwanzoni mwa jina. Kisha aiache ichemke kwenye gemu dakika 20 na video ikiendelea, usikie feni zote na uone kama picha inatoa madoa.

Ukikwama niandikie, Jumatano nipo Kariakoo nitapita kuiona kwa macho yangu.