Naomba ushauri: sindano za akyupancha kung'ang'ania msulini

Habari wadau. Swali ni kwa wanaotumia akyupancha (tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini) sambamba na dawa na mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno.

Sindano ni za kutumika mara moja, unene milimita 0.25, urefu milimita 40, zinachomwa pembeni mwa uti wa mgongo na kuachwa dakika 20. Mgonjwa ameshakula na amelala kifudifudi. Tatizo linaanza pale sindano inapozungushwa upande mmoja tu kutafuta ile hali ya uzito na ganzi: nyuzi za tishu hujisokota kwenye chuma, na ukivuta, ngozi inanyanyuka nayo.

Kulazimisha hapana, sindano itapinda. Kawaida inarudishwa taratibu kinyume. Kama ni msuli uliokaza, inaachwa dakika chache huku ukipapasa pembeni, au inachomwa nyingine sentimita 2 hivi kando ili msuli ulegee.

Sasa, nyie mnazungusha kwa kiasi gani, mbele na nyuma kidogo kidogo? Na kwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mnaacha kuzungusha kabisa?

La pili, juu ya bega. Pafu liko karibu sana hapo, na kuchoma wima kwa sindano ya milimita 40 ni kutafuta balaa (hewa ikiingia kifuani, maumivu na kubanwa pumzi huweza kuja saa kadhaa baadaye). Nani anaubana msuli kwa vidole na kuchoma kwa mlalo? Mnaishia kina gani kwa mtu mwembamba?