Nimeokota kitoto cha sungura wa porini kwenye ploti, nifanye nini?

Wa Lang'ata
Habarini wadau. Naishi Lang'ata, si mbali na ua wa Mbuga ya Nairobi. Masika yameacha nyasi zimefika magotini, basi leo nikamwita kijana anifyekee. Saa nne hivi nikasikia kelele: slasha imepita juu kidogo tu ya kitoto cha sungura. Kinaenea kiganjani, manyoya kamili, kidoa cheupe kwenye paji la uso, macho wazi, wala hakikukimbia. Kimejibana chini kama jiwe. Tumezunguka ploti nzima: hakuna shimo, hakuna mama. Nimekiweka kwenye katoni na binti yangu anataka kukipa maziwa. Sitaficha, hawa ndio walionimalizia sukuma wiki Januari. Nikilee, nikipeleke mbugani, au?

Mpishi wa Kayole
Kilee kinenepe, Desemba tukutane kwako. Ugali nitaleta mimi.

Nyanya wa Ngong
Wacha mzaha, kijana. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, na kufuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Mwanangu wa Lang'ata, maziwa ya ng'ombe yatakiharisha hadi kife. Kirudishe palepale kabla jua halijatua.

Mfugaji Kikuyu
Nakubaliana na Nyanya. Tatizo ni kwamba Kiswahili kinawaita wote sungura, wa kufugwa na huyu wa porini, ingawa ni wanyama wawili tofauti. Hawa wangu wa kijumbani, ambao asili yao ni Uhispania na Ureno, huzaliwa uchi kama panya, macho yamefumba, na mama hujinyonyoa manyoya awatandikie. Porini kwao huchimba mashimo. Huyu wako hachimbi. Anazaliwa juu ya ardhi, amevaa koti lake tayari, na baada ya siku chache ndugu hutawanyika, kila mmoja na kichaka chake, ili adui akimpata mmoja asiwapate wote. Mama hukaa mbali makusudi. Huja kunyonyesha mara moja tu kwa siku, giza likianza kuingia. Kwa hiyo hamkuokota yatima, mmemteka nyara.

Wa Lang'ata
Duh. Na harufu ya mikono yetu?

Mfugaji Kikuyu
Hiyo haimfanyi mama amkatae mtoto. Kishike na konzi ya nyasi, kiache, ondokeni. Mbwa mfungie.

Dereva wa Usiku
Hiyo ya Januari mimi ninaielewa. Nikirudi kupitia Kitengela usiku, taa za gari huwakuta barabarani, hasa wakati wa mvua. Nyasi zikiwa ndefu hawapendi kula ndani yake, hawamwoni mbweha wala mondo akija. Wanatafuta palipochungiwa na ng'ombe, palipoungua, kando ya lami. Mchana ndipo wanarudi kwenye nyasi ndefu kulala, na kitanda chenyewe ni kibonde tu cha kuenea mwili, masikio yamelazwa mgongoni. Unaweza kumkanyaga. Kiangazi kila kitu kikikauka, kijani kimebaki kwako unakomwagilia. Wewe ungekwenda wapi?

Nyanya wa Ngong
Na huku kwetu huzaa mwaka mzima, usidhani kuna msimu wa vitoto. Kila ukifyeka, anzia katikati ukielekea nje, walio ndani wapate njia. Ukianzia pembeni ukizunguka, unawakusanya wote katikati. Acha na ukanda mmoja kando ya ua bila kufyekwa. Sukuma zungushia waya wa kuku wa mita moja, uchimbie chini kidogo maana hujipenyeza.

Mpishi wa Kayole
Haya, nimejirekebisha. Naomba basi sukuma zilizobaki.

Wa Lang'ata
Mrejesho. Saa kumi na mbili nilikirudisha, nikazima taa za nje, tukakaa dirishani na binti yangu. Kama saa moja na robo masikio mawili yakachomoza kwenye ule upande usiofyekwa. Akasimama, akanusa, akaruka mara tatu, akatulia tena. Alipofika, kitoto kiliingia chini ya tumbo lake bila kuitwa. Dakika chache tu, hata chai yangu haikupoa, akaondoka. Leo asubuhi binti anataka tukague kama bado kipo. Nimemwambia hakuna kwenda huko. Waya wa kuku nanunua Jumamosi.