Ushauri: samoni wa Mto Skykomish mwishoni mwa Septemba, sheria zinabadilika katikati ya msimu

Mvuvi wa Gura
Habari zenu wandugu. Wiki ya mwisho ya Septemba natoka Nairobi kwenda kwa dada yangu Everett, jimbo la Washington, na nina siku tatu za kuvua samoni Mto Skykomish. Trauti wa Gura na Chania, mito ya huku Kenya, nawajua, samoni bado. Nilisoma kijitabu cha sheria cha jimbo nikaridhika, kisha shemeji akanitumia tangazo linalosema mambo mengine kabisa. Nifuate kipi? Kwa nini wanabadilisha msimu ukiendelea? Na nibebe zana gani kutoka huku?

Ndoana Moja
Fuata tangazo. Kijitabu cha idara yao ya samaki na wanyamapori, WDFW, huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni mwaka unaofuata, lakini sheria ya dharura ikitolewa inakifuta pale pale. Askari wa wanyamapori akikukuta mtoni hatauliza kijitabu chako kilisema nini.

Sababu ni hii. Kila mwaka, kufikia Aprili, jimbo na mataifa ya wenyeji wa asili hukaa pamoja na kugawana samaki kwa makadirio ya wangapi watarudi kutoka baharini. Mataifa hayo si wageni waalikwa. Hukumu ya Jaji Boldt wa mahakama ya shirikisho, ya 1974, ilithibitisha kuwa mikataba yao ya zamani na serikali ya Marekani inawapa hadi nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Sasa makadirio ni makadirio. Samaki wakija wachache, au kituo cha kutotoleshea vifaranga kikikosa samaki wa kutosha kutoa mayai, mto unafungwa au idadi inapunguzwa. Wakija wengi, huenda ukafunguliwa zaidi. Isitoshe, Chinook, aina mojawapo ya samoni, wa asili wa Puget Sound, ghuba ambayo maji ya Skykomish huishia, wako chini ya ulinzi wa sheria ya shirikisho tangu 1999, kwa hiyo hata mto wenye Coho, samoni wa aina nyingine, tele unaweza kufungwa ili Chinook wapite salama.

Angalia ukurasa wa sheria za dharura usiku wa kuamkia kila siku ya kuvua, halafu tena asubuhi kabla ya kutoka. Ukiwa bado huku, kumbuka saa: saa mbili asubuhi Nairobi, kule ni saa nne ya usiku uliotangulia.

Kina Kirefu
Naongeza jambo linalowaponza wageni. Kule mto kwa samoni umefungwa mpaka uandikwe kwamba umefunguliwa. Huku mtu huuliza "wapi pamekatazwa?" Kule uliza "wapi pameruhusiwa, na samoni yupi?" Tena mto mmoja hugawanywa vipande. Kwenye Skykomish utaona sheria moja kutoka mdomo wa mto hadi daraja la Lewis Street pale Monroe, kisha nyingine kutoka darajani hadi Mto Wallace. Ukivuka daraja kwa miguu ukifuata samaki, umevuka na sheria.

Mvuvi wa Gura
Asanteni sana. Na nitamtambuaje Coho nikimshika? Kwenye picha wote naona wamefanana.

Koleo na Wavu
Tazama mahali pawili, mkia na fizi. Chinook ana madoa kwenye ncha zote mbili za mkia, na fizi zake ni nyeusi hadi kwenye mashina ya meno. Coho ana madoa upande wa juu wa mkia tu, na ufizi pale meno yanapoota ni mweupe, kama mstari wa chokaa ndani ya mdomo mweusi. Pink, samoni wa aina ya tatu anayeingia mito ya huko kwa wingi miaka isiyogawanyika kwa mbili, ana madoa makubwa ya umbo la yai mkia mzima. Rangi ya mwili usiiamini. Hubadilika samaki akikaa siku chache kwenye maji ya mto yasiyo na chumvi.

Halafu tazama pezi dogo la nyama lililo mgongoni karibu na mkia. Likiwa limekatwa na kovu limepona, huyo ni wa kituo cha vifaranga. Likiwepo, huhesabiwa wa asili, na mahali pengi lazima arudishwe. Hapa kuna kosa la watu wa picha: samoni unayetakiwa kumrudisha huruhusiwi kumtoa majini kabisa. Piga magoti, lowesha mikono, mwache ndani ya wavu usio na mafundo, mwili ukiwa majini, na dada apige picha hivyo hivyo.

Wa kubaki naye, pima kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Coho wa chini ya inchi 20, yaani sentimita 51, huhesabiwa mdogo. Kwa Chinook ni inchi 24, sentimita 61. Ukishajaza idadi yako ya wakubwa, acha kuvua. Huendelei kutafuta wadogo.

Ndoana Moja
Leseni na kadi ya kumbukumbu ya samaki nunua dukani kule. Kuna leseni ya siku moja hadi tatu. Ukimweka samaki tu, jaza kadi hapo hapo kwa kalamu ya wino: tarehe, namba ya mto, aina. Kusubiri ufike kwenye gari ni kosa. Hata usipopata kitu, kadi inarudishwa.

Na usimkate minofu ukingoni. Mtoe matumbo ukipenda, lakini aina, urefu na pezi vionekane hadi ufike nyumbani.

Kina Kirefu
Zana: fito yako namba 5 ya trauti (namba ikipanda, fito ina nguvu zaidi) iache. Samoni wa kilo nne atapigana nayo muda mrefu mno, na ukimwachia akiwa amechoka hivyo hafiki mbali. Chukua namba 8, uzi wa mwisho wenye nguvu ya kilo 5.5 hadi 7. Ndoana ziwe za ncha moja, na kile kijino cha nyuma kiponde kwa koleo hata pale sheria haikilazimishi. Jaribu kwa kuipitisha kwenye kitambaa cha pamba na kuichomoa. Ikikwaruza uzi, ponda tena. Samaki lazima awe amenaswa ndani ya mdomo. Aliyenaswa ubavuni au mkiani ni wa kurudisha, hata awe Coho mnene wa kituo.

Mvuvi wa Gura
Nimeelewa. Viatu vya kuingilia majini nitanunua kule kisha nirudi navyo. Kuna shida?

Koleo na Wavu
Ipo, ndugu, na tafadhali usiichukulie kimchezo. Washington wana konokono wa New Zealand. Mjini Olympia waligunduliwa Ziwa Capitol mwaka 2009. Ni mdogo kama punje ya mchele, anafunga mlango wa gamba lake na kuishi siku kadhaa nje ya maji. Jike mmoja huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja kwenye mkunjo wa kamba anatosha kuanzisha wengine Gura. Toa kamba na soli za ndani, sugua kwa brashi, kisha weka viatu kwenye friza ya dada usiku kucha. Vikiyeyuka, vianike hadi vikauke kabisa ndipo ufunge mzigo.