Naombeni ushauri: Mlima Meru wikiendi ya Nane Nane, tupo tisa na wengi hawajawahi kupanda mlima

Kijana wa Tegeta
Wakuu habari zenu. Nane Nane imeangukia Ijumaa kwa hiyo tuna siku tatu, tupo tisa wa ofisi moja tunataka kwenda Meru. Plani yetu ni basi la usiku Alhamisi kutoka Dar, Ijumaa asubuhi tukishuka Arusha tunaunganisha mpaka geti la Momella, usiku tunalala kambi ya Miriakamba, Jumamosi kambi ya Saddle, Jumapili alfajiri kileleni halafu tunashuka mpaka geti siku hiyohiyo tuwahi basi, Jumatatu kazini. Watatu wetu wanakimbia kila wiki, waliobaki ni watu wa kukaa kwenye kiti, na dada mmoja ana pumu. Tunataka tubebe mabegi wenyewe kupunguza gharama. Inawezekana kweli? Mimi ndiye niliyewashawishi wote kwa hiyo nataka nijue ukweli mapema.

Mzee wa Usa River
Mdogo wangu, watu wanafanya siku tatu, ila si watu waliokesha kwenye basi wakitoka usawa wa bahari. Hebu piga hesabu ya Jumapili. Saddle ipo mita 3,570 na kilele ni 4,566, kwa hiyo mnaamka usiku wa manane mnapanda karibu mita elfu moja gizani kwenye baridi, kuna sehemu za mawe za kushika kwa mikono, ukifika Cobra Point unadhani umemaliza kumbe bado. Halafu kutoka kileleni mpaka Momella ambayo ipo kama 1,500 ni kushuka mita elfu tatu siku hiyohiyo na begi mgongoni. Magoti yanaumia kwenye kushuka, si kwenye kupanda, na mtu aliyechoka ndiye anayeteleza.

Ushauri wangu, kwa hizo siku tatu lengo liwe Little Meru, kile kilele kidogo cha pembeni. Jumamosi mkifika Saddle mchana mnapumzika, mnakula, jioni mnapanda Little Meru mita 3,820, ni mwendo wa kama saa moja hivi kutoka kambini, kilele kikubwa unakiona mbele yako na mawingu yakikaa chini Kilimanjaro inajitokeza upande wa mashariki. Jumapili mnashuka taratibu, basi la usiku mnaliwahi bila presha. Kileleni mrudi siku mkiwa na siku nne.

kiatu_kigumu
Mzee nakuheshimu ila mimi naona wale wanaokimbia wanaweza, kwa nini wazuiwe na wengine? Wagawanyike tu, kundi la mbio na kundi la polepole.

Mzee wa Usa River
Kugawanyika njiani hapana. Pale mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na tembo pia wapo, kwa hiyo mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma kabisa. Wakitaka kilele, wapange tangu mwanzo na mwongozaji wao, waulize geti kuhusu askari, na wajue kwamba wenzao watawasubiri chini. Tena kukimbia ufukweni hakukukingi na mlima, nimeona vijana wenye vifua wanatapika Saddle na mama wa makamo anakunywa chai yake vizuri.

Nesi wa Moshi
Naongezea hapo kwenye afya. Kijana, huyo dada wa pumu aonane na daktari kabla hamjalipa chochote, na dawa yake ya kuvuta aiweke mfukoni ndani ya koti, isiwe chini ya begi alilobeba mtu mwingine. Hewa ya baridi na vumbi vinaweza kuamsha pumu hata kama Dar yuko poa. Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, nayo msigawane kama pipi, kuna watu wana mzio nayo, muulizeni huyohuyo daktari.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, unakunywa maji unapumzika, usipande zaidi mpaka kitulie. Lakini ukiona mtu anayumba kama mlevi, anaongea vitu havieleweki, au anahema akiwa amekaa na anakohoa kifua kina maji, huyo anashushwa saa hiyohiyo hata kama ni usiku, msisubiri kupambazuke. Na mkubaliane hilo mkiwa bado Dar, kwa sababu kule juu kila mtu anasema niko sawa ili asiwaangushe wenzake.

Binti Ngarenanyuki
Kuhusu mabegi, chukueni wapagazi jamani hata wachache mgawane, kuna vijana wa huku wanategemea hiyo kazi na nyinyi mtafurahia safari. Vibanda vya kulala navyo mapema, wikiendi ya sikukuu vitanda vinajaa, na malipo ni kwa kontroli namba, msije na keshi getini. Tena njooni Alhamisi mchana mlale Arusha, asubuhi mnaanza mkiwa na akili.

Kijana wa Tegeta
Asanteni sana, nimewasomea wenzangu yote. Tumekubaliana Little Meru wote tisa, Alhamisi tunaomba ruhusa tulale Arusha, na dada anaenda kwa daktari wiki hii. Swali la mwisho, nguo za baridi lazima tununue mpya?

Binti Ngarenanyuki
Hapana, pitieni mtumba pale soko la Karume, Dar, tafuteni koti la mvua, sweta la flisi na kofia ya kuziba masikio. Suruali za jinzi acheni nyumbani, zikilowa hazikauki. Viatu ndio msiokoteze dakika za mwisho, mvitembelee kwanza wiki kadhaa. Na chakula msifunge kwenye mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku tangu 2019.

Nesi wa Moshi
Na kila mtu tochi yake ya kichwa, pamoja na betri za akiba.